Mgeni wa Siku ya Nne

Mtama, kilo mbili na nusu kwa kila beseni.
Tumeuparaza, tumeutia tanuri ife kila roho iliyojificha,
tumeuchanganya na karanga za kusaga, hamira kidogo.
Mama mkwe alipouona alinyamaza kwanza.
Kisha: "Huu ungetosha ajon ya matanga mawili.
Wewe unawalisha nondo?"

Nawalisha nondo, mama.
Nondo wa mchele, rangi ya vumbi,
asiye na kesi na mtu isipokuwa ghala.
Wakitoka nawavuta kwa mpira,
mdomo wangu huku, chupa kule,
na magamba ya mbawa zao nayakohoa mpaka nyumbani.
Usiku wanataga wavuni. Asubuhi napiga brashi:
mayai, madogo kuliko chembe ya chumvi.

Napaka gundi kwenye kadi. Nachekecha mayai juu yake
kwa kichujio cha chai nilichokiiba
jikoni kwangu mwenyewe.
Halafu taa ya zambarau,
ili kilichomo kisizaliwe.
Hapo mkono huwa mzito kidogo.
Ganda linabaki zima:
nyumba imesimama, mwenye nyumba hayupo.

Ndipo nawafungulia nyigu.
Nawaita nyigu kwa kuwa kitabu kimesema hivyo;
kwa jicho tupu ni nukta iliyoamua kutembea.
Jike hupanda yai, hulipima kwa hatua,
huligongagonga kwa vipapasio
kama mnunuzi wa tikiti sokoni Kyere,
kisha huzamisha mkia, akaacha wake ndani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone:
waliosema hivyo hawakuwa na hadubini.
Lakini walisema pia, siku ya tatu mpe jembe,
na hapo walikosea kwa siku moja tu.
Siku ya nne yai linakuwa jeusi,
jeusi la mbegu ya papai,
nami nakata kadi vipande vipande
nikampe mgeni jembe lake.

Asekenye aliniuliza tukiosha mabeseni:
"Huyu kazaliwa ndani ya yai la nondo wa ghalani.
Mama yake vivyo hivyo, bibi yake vivyo hivyo,
vizazi ishirini na sita, nimeandika daftarini.
Hajawahi kunusa hindi bichi.
Adui atamjuaje?"

Sikuwa na jibu.
Nilimfikiria mtoto wa marehemu dada yangu,
niliyempokea akiwa na siku tisa.
Kuna kicheko anacheka, kinapanda, kinakatika ghafla.
Si changu kile. Sikumfundisha.

Shambani kwa Etyang nilifunga kadi chini ya majani,
uzi nimeupaka grisi dhidi ya sisimizi.
Alisimama ameshika kiuno.
"Wadudu ninao, dada. Umeniletea wengine?"
Usiku ikanyesha mvua ya mawe.
Kadi mbili zilidondoka, na zilipodondoka
sisimizi hawakuhitaji kuvuka grisi yoyote.

Baada ya siku tano nikageuza majani, mstari kwa mstari,
mgongo unalia. Jani la mia na kitu:
kichane cha mayai ya viwavijeshi chini ya manyoya yake.
Nikatoa lenzi.
Kumi na tisa meusi.
Mengine yalikuwa yameshapasuka,
na wenyewe wamekwenda kula.

"Kumi na tisa," nikamwambia Etyang.
"Kati ya mangapi?"
Nikamwambia.
Akatema mate pembeni, akafikiri.
"Lete kadi nyingine Jumatatu."

Mtama uliochoka, umejaa utando na mabuu,
niliwamwagia kuku wa mama mkwe.
Walipigania.
Wiki ile nilimwona akiinama bandani kila asubuhi,
akihesabu mayai kwa sauti ya chini
bila kuniangalia.
Ajon hakuitaja tena.